Paji langu la uso lilivyomdai Baba Shukuru

Chuo kilitaka kazi kumi, na mojawapo iwe sura ya mwombaji mwenyewe, aliyoichora akijitazama kwenye kioo. Tisa nilikuwa nazo: ngalawa, soko la samaki, mwanamke na mtungi, na wale twiga wawili ambao kila mchoraji wa Dar amewahi kuwachora na kila mchoraji wa Dar anakana. Ya kumi ndiyo iliyonisumbua. Kwanza pua yangu, ambayo kwenye kioo cha mama kilichopasuka kona inaonekana kama imetangulia safari na uso unafuata nyuma. Pili, hela. Hadibodi ilikuwa imeniishia, mfukoni nina mia saba, na usaili umebaki wiki mbili.

Mimi nachorea hadibodi kwa rangi ya mafuta, kama alivyofanya mzee Tingatinga alipoanza mwaka 1968 kule Oysterbay. Alitumia vitu hivyo kwa sababu ndivyo vilivyopatikana madukani na vilivyolingana na mfuko wake. Nikajiambia, mzee angekuwa mimi, angetazama kwanza nyumbani. Nikatazama. Nyuma ya mlango wa jikoni palikuwa na kipande safi kabisa, futi mbili kwa mbili. Safi isipokuwa maandishi.

Hapa lazima nieleze. Mama anauza vitumbua Tandika, na nusu ya mtaa hula kwa mkopo. Madeni alikuwa akiyaandika kwenye ubao huo kwa maka nyekundu. Lakini miezi ya karibuni nilimwona na kaunta buku, nikaamini madeni yamehamia humo. Kumbe lile lilikuwa la kikoba.

Najua mtu atauliza kwa nini sikuchora upande wa pili. Hadibodi ina upande mmoja laini, na mwingine una alama za wavu, unanywa rangi kama watu wanavyokunywa chai ya msibani. Mama aliandika upande laini. Nami nikapaka nyeupe mikono miwili upande huohuo, nikakaa na kioo, nikajichora. Na nikiri jambo moja: nilijipendelea. Rangi yangu ni nyeusi ya kutosha, lakini kwenye picha nikajipa ngozi ya chai ya maziwa.

Mama aliporudi alisimama mlangoni akautazama uso wangu mara mbili, ule wa kwenye ubao na ule wa kwenye shingo.

"Baba," akasema. Mama akiniita baba kwa sauti ya chini namna ile, mambo yameharibika. "Mama Zai yuko wapi?"

"Sijamwona leo, mama."

"Alikuwa hapo. Kwenye shavu."

Nikaelewa. Akaniuliza ilinishinda nini kunakili kwanza kwenye daftari. Mimi nilivyo mjinga, badala ya kuomba radhi nikaanza kumweleza habari za mchoraji mzee Elimo Njau wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, aliyewaonya wachoraji wasiige kazi za wenzao kwa sababu kunakili ni kumlaza Mungu usingizi. Mama akasema Mungu halali. Atakayelala ni mimi, tena bila kula.

Mdogo wangu akaitangaza habari bombani. Hadi magharibi mtaa mzima hauna mdaiwa. Fundi cherehani wa kona alishangaa hata kusikia kwamba tunauza vitumbua. Baba Shukuru ndiye aliyekuja mwenyewe kutupa pole, akasema namna alivyo mtu wa haki angelipa mara mbili, ila bahati mbaya alishalipa tangu Ramadhani.

Ilikuwa masika, rangi haikauki. Siku ya nne nikaona wekundu kidogo kwenye paji la uso, nikafurahi, nikadhani ni mkono wangu umeanza kukomaa: damu chini ya ngozi! Siku ya sita wekundu ule ukawa tarakimu ya saba.

Nikamwita fundi anayepaka rangi maduka. Alicheka hadi akakaa chini. Akaniambia wino wa maka na rangi ya mafuta havipatani: rangi inauyeyusha wino, wino unapanda juu, na ukiongeza mkono mwingine unapanda tena. Kitu kile hufunikwa kwanza kwa dawa yake. Sikumwamini. Nikaongeza mkono mwingine wa chai ya maziwa. Asubuhi tarakimu ilikuwa imepanda, tena safari hii imekuja na sifuri zake.

Kufikia Jumamosi uso wangu ulisomeka hivi. Paji la uso: B. SHUKURU 7,500. Shavu la kulia: MAMA ZAI 3,200. Kidevuni: FUNDI 1,800, na pembeni kwa herufi ndogo, *mbishi*. Pua peke yake ilibaki safi. Ningejichora mweusi nilivyo, pengine kusingeonekana kitu.

Mama alipiga kigelegele. Akauweka ubao kwenye kiti barazani, akaufunika khanga, na kila mdaiwa aliyepita aliitwa, khanga ikafunuliwa. Mama Zai alilipa palepale. Fundi cherehani alibisha hadi aliposoma lile neno dogo, akatoa hela kwa hasira. Baba Shukuru akaanza kupitia njia ya nyuma.

Jumanne nilipewa ubao kwa masharti: usiguswe na brashi, urudi kabla ya magharibi.

Usaili ulikuwa na walimu watatu. Wa katikati, mwenye miwani, aliishika picha kwa muda mrefu. "Haya maandishi yana maana gani?" Nilikuwa nimejiandaa kwenye daladala kusema jambo zito kuhusu jamii na kumbukumbu. Nikafungua mdomo, simu ikalia. Sikuwa nimeizima.

"Pokea," akasema, "isije ikawa msiba."

"Uko na ubao?" Mama hakuhitaji spika, chumba kizima kilimsikia. "Baba Shukuru nimembana hapa, anasema ni elfu tatu. Nisomee paji la uso!"

Nikawatazama walimu. Nikasoma. "Elfu saba na mia tano, mama."

Sauti ya kiume ikasikika kwa mbali: "Huyo si mwanao? Atasema unachotaka!"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa, akainama hadi pua yake ikakaribia kugusa ile yangu ya kwenye ubao. Kisha akaniomba simu. "Shikamoo mama. Hapa ni chuoni. Saba na mia tano, naiona mwenyewe."

Baba Shukuru alitoa elfu tano papo hapo. Sijui ni heshima ya elimu au alidhani ni mahakama.

Nilidhani nimemaliza, karani akaniambia kazi zote kumi zinabaki chuoni wiki mbili kwa tathmini. Namna nilivyofika nyumbani mikono mitupu nitaieleza siku nyingine.

Jumatatu iliyofuata mama akajifunga khanga, akabeba ndoo ya vitumbua na lile kaunta buku, akapanda daladala mbili hadi chuoni kunakili uso wangu. Alirudi jioni ndoo tupu. Barua yangu ya majibu ilikuwa bado haijatoka. Akatundika hadibodi mpya nyuma ya mlango, akachukua maka ileile nyekundu, ambayo sasa anaiamini kuliko benki, akaandika:

MWL. MIWANI 2,000.
MLINZI GETINI 1,000.