Usimwambie "Kaza Buti", Muulize Amekwama Aya Gani

Kuna maneno mawili natamani yafutwe kabisa pale tunapokutana na mtu anayehangaika na tasnifu, ile kazi ndefu ya utafiti ya kumalizia shahada ya uzamili: "kaza buti." Na lipo swali analopigwa kila msibani na kila harusini, hapa Mtwara, kuanzia Shangani hadi Mikindani: "Bado tu? Wenzako si wameshamaliza?" Anatabasamu, anajibu "inakuja," halafu hafungui kompyuta wiki mbili.

Wengi wanaosoma uzamili huku kwetu ni walimu, wauguzi na watumishi wa halmashauri. Chuo kiko Dar, zaidi ya kilomita 500, na msimamizi wanampata kwa simu na barua pepe. Masomo ya darasani waliyapita vizuri kwa sababu kulikuwa na ratiba, wenzao na mtihani wenye tarehe. Tasnifu haina kengele. Hapo mtu hodari anazama, na anaamini ni uvivu wake.

Si uvivu! Rasimu ya sura ya pili inarudi na maoni 40 pembeni mwa kurasa. Anayasoma saa nne usiku, kachoka, yote anayaona kama hukumu moja. Anafunga faili. Mwezi wa pili tangu hapo anaona haya kumwandikia msimamizi kwa kuwa amekaa kimya mno. Mwezi wa nne hapokei hata simu yake. Mwanzo alikwamishwa na maoni, sasa anakwamishwa na ukimya. Ukimjia na "kaza buti" wakati huo, unakuwa mtu mwingine wa kumkwepa.

Basi keti naye. Dakika 90 zinatosha. Mkachapishe yale maoni steshenari, mchukue kalamu za rangi tatu. Ya kwanza ni ya masahihisho madogo: tahajia, marejeleo yaliyosahaulika, jedwali lisilo na namba. Ya pili, maswali yanayojibika kwa aya moja. Ya tatu, yale yanayogusa uti wa mgongo wa kazi, yaani malengo, sampuli na mbinu. Mara nyingi kundi la kwanza ndilo kubwa, na la tatu linahesabika kwa vidole. Amalize matano ya kundi la kwanza palepale, wewe ukiwepo. Si lazima uujue utafiti wake. Weka tu simu yako mbali.

Kisha barua pepe kwa msimamizi, siku hiyohiyo, mistari 5: samahani moja tu, alipofikia, alipokwama, swali moja la kujibiwa ndiyo au hapana, na tarehe ya kutuma kipande kinachofuata. Ikirefuka ataanza kujitetea, na haitatumwa. Usiage kabla haijaenda.

Kikundi cha kuandika nacho kinasaidia. Watu 3, wasizidi 4, mara moja kwa wiki: dakika 25 za kuandika, 5 za kupumzika, mara tatu, soga baadaye. Ila mpange mkijua msimu. Korosho zikianza Oktoba nusu yenu mko shambani, na likizo ya Desemba inaliwa na jando na unyago. Miezi hiyo ukurasa 1 kwa wiki ni kazi ya kutosha. Ukiahidi sura nzima, unajiandalia aibu nyingine.

Wapo wanaoamshwa na maneno makali, sikatai, lakini ni wachache. Na msimamizi anayekalia rasimu miezi mitatu, mratibu wa uzamili aandikiwe, tarehe za kutuma zikiambatanishwa.

Lakini kama usingizi umemtoka, chakula hakipiti, na hana raha na lolote kwa wiki 2 mfululizo, kalamu za rangi si dawa yake. Mpeleke hospitali, Ligula hapa Mtwara au Sokoine pale Lindi, na uingie naye kwa daktari akitaka. Akitaja kufa, asilale peke yake usiku huo. Nenda naye hospitali saa ileile. Habari ya tasnifu mtaishughulikia baadaye: vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo, na fomu yake unaweza kumsaidia kuijaza.