Waliolipwa Kuwasitiri Wayahudi

Leopold Socha alifanya kazi kwenye mitaro ya maji taka mjini Lwów, Poland ya wakati huo, na miaka ya nyuma alikuwa mwizi. Mwaka 1943, Wanazi walipolimaliza geto la mji huo, yaani mtaa walimofungiwa Wayahudi, aliwakuta Wayahudi wamejificha humo mitaroni. Akakubali kuwaletea chakula na kufunga mdomo, kwa malipo.

Wapo wanaosema aliyelipwa alifanya biashara, na biashara haina ushujaa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Yad Vashem, taasisi ya Israel inayowatunuku wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi heshima ya Wenye Haki Miongoni mwa Mataifa, haimpi mtu aliyefanya malipo kuwa sharti la msaada wake. Penye bei, asiye na kitu hakuwa na mlango wa kubisha. Na wapo waliopokea pete na dhahabu, vilipokwisha wakawatoa wageni wao nje, au wakawapeleka kwa Wajerumani.

Lakini mimi narudi kwenye mkate. Chakula kiligawiwa kwa kadi, na aliyejificha hakuwa na kadi. Mkate wake ulitoka kwa walanguzi, kwa bei ya ulanguzi. Fukara akiwasitiri watu sita bila wao kuchangia chochote, huo mkate anaununua kwa nini? Tena hawezi kuununua wote duka moja. Nyumba inayojulikana kuwa na watu wanne ikianza kula mikate ya watu kumi, mwenye duka anaona, jirani anaona, na jirani mmoja anatosha. Tangu Oktoba 1941, katika sehemu ya Poland iliyotawaliwa na gavana wa Wanazi, Hans Frank, adhabu ya kumficha Myahudi ilikuwa kifo. Huko Markowa, Machi 1944, Józef na Wiktoria Ulma waliuawa pamoja na watoto wao sita, baada ya Wayahudi wanane waliokuwa nyumbani mwao kupigwa risasi. Sijui ni kodi gani ya chumba inayolingana na hatari hiyo.

Hata mtandao wa siri wa Żegota, ulioundwa Desemba 1942 kuwasaidia Wayahudi, sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kugawa fedha. Zilitoka kwa serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London na kwa mashirika ya Kiyahudi, zikawafikia waliojificha kila mwezi, nazo ziliishia kwenye chakula na kodi ya chumba. Hakuna anayeziita fedha chafu. Basi zikitoka mfukoni mwa aliyefichwa mwenyewe, uchafu unaingilia wapi?

Ninachokubali ni kwamba ipo siku inayotenganisha watu, nayo ni ile fedha zinapokwisha. Ignacy Chiger, aliyekuwa mitaroni na mkewe na watoto wao wawili, ndiye aliyekuwa akimlipa Socha, na siku hiyo ikamfikia. Socha akaendelea kuja. Mkate uleule, kupitia mabomba yaleyale, sasa kwa fedha yake. Siamini kwamba huyo alikuwa mtu mwingine aliyezaliwa usiku mmoja. Naamini miezi ya kutambaa gizani na kuwaita watoto wale kwa majina ilikuwa imekwisha kumfunga kwao, hata wakati bado anapokea noti. Anayemkataa kwa sababu ya malipo ya mwanzo anaitupa pia njia iliyomfikisha kwenye mwisho ule.

Julai 1944, baada ya miezi 14 hivi, watu kumi walitoka chini ya ardhi wakiwa hai, wakiwamo watoto wote wawili wa Chiger. Mwaka 1946 Socha alikufa kwa kugongwa na lori la kijeshi la Kisovieti, akijaribu kumwokoa binti yake. Yad Vashem ilimtambua, pamoja na mkewe Magdalena, mwaka 1978. Kamati iliyajua malipo yale, kwa kuwa waliookolewa hawakuyaficha.