Valvu Imeungua, Kila Fundi na Muuaji Wake
Wazee hivi fundi gari akisema tu "sijui" anapungukiwa nini? Nina Corolla 110 ya mwaka 1997, injini 5A, ikitembea haina shida ila ngoja ifike kwenye foleni, inaanza kumisi puf... puf... inatetemeka kama bodaboda iliyopakia tofali, mpaka abiria wa daladala ya pembeni wananiangalia kwa huruma.

Fundi wa kwanza kasikiliza sekunde mbili tu, plagi. Tukanunua plagi. Mwenzake akasema hizo plagi feki, na kebo zimechoka, na kofia ya distribyuta nayo itolewe. Tukatoa. Ikawa inamisi vilevile ila sasa inamisi na vitu vipya.

Akaja mwingine ana geji ya kompresheni, ile ya kupima mgandamizo ndani ya silinda, hapo nikasema huyu sasa fundi. Silinda zingine zinasoma psi 170 huko, ya tatu inasoma 60. Akadondoshea oili kidogo kwenye tundu la plagi akapima tena, mshale haujasogea, akasema ingekuwa ringi za pistoni, oili ingeziba ikapanda, hii valvu, vile vimlango vya kuingiza hewa na kutoa moshi. Safi kabisa! Angeishia hapo. Lakini wapi, akakohoa akasema, "Bosi, mkanda wa taimingi uliruka, pistoni zimegonga valvu zimepinda." We baba, 5A hii! Mkanda ukikatika inazima tu, unasukuma pembeni unafunga mwingine unaondoka, pistoni na valvu za injini hii hata hawajuani. Eti "hayo mambo ya kwenye simu hayo bosi."

Nikaenda kwa mzee mmoja chini ya mwembe, hajashika hata spana, kaniomba noti. Nikampa buku. Kaiweka kwenye mdomo wa ekzosi, noti inapeperuka, inapeperuka, mara inanyonywa ndani inaganda, inapeperuka tena. "Valvu ya ekzosi haifungi." Buku yenyewe ikaishia mfukoni kwake, nayo sijui ilikuwa inapimwa nini huko.

Hedi kufunguliwa, kweli bwana, valvu ya ekzosi silinda ya tatu imeliwa ukingoni kipande kizima, haijapinda hata kidogo, imeungua. Mzee anasema siti, pale valvu inapokalia ikifunga, inalika taratibu miaka yote hiyo, valvu inazidi kuzama, ile nafasi ndogo kati yake na kemu inayoisukuma ifunguke inaisha, sasa valvu ikipata moto ikirefuka haikai tena kwenye siti, na pale kwenye siti ndo inapopozea joto lake, ikikosa kukaa moto unapita pembeni unaikata. Kinachoniudhi sasa, nafasi ikiisha injini inakuwa kimyaaa, miezi yote hiyo watu wananisifia "kaka injini yako imetulia" kumbe inaungua kwa adabu.

Ikawekwa valvu mpya, ikasagwa na siti yake, shimu nyembamba, kile kisahani cha kurekebisha ile nafasi, tukaokota kwenye hedi ya skrepa maana dukani wanakwambia uagize, fila geji ya kupimia nafasi ikapita kote, ekzosi ikaachiwa nafasi kubwa kuliko inteki maana ndo inayokula moto zaidi.

Sasa hivi nikiwasha asubuhi inalia tik tik tik, ndo nafasi imerudi, tamu balaa. Jana jirani kanifuata mpaka getini, "Kaka hizo tapeti zinalia, kuna fundi wangu atakukazia zinyamaze kabisa."

Nimepandisha kioo.