Vikundi Vyenye Uwiano Darasani: Tunasawazisha Nini Hasa?

Mwalimu anapotaka vikundi vyenye uwiano, kwa kawaida huchukua orodha ya alama na kuipitia kwa kwenda na kurudi. Tuseme darasa lina wanafunzi 48, na anataka vikundi 12 vya watu wannewanne. Wa 1 hadi wa 12 wanaingia kundi la 1 hadi la 12. Hapo hesabu inageuka: wa 13 anakwenda kundi la 12, wa 24 anaishia kundi la 1, kisha inageuka tena. Mwishowe kundi la 1 lina wa 1, wa 24, wa 25 na wa 48. Kundi la 12 lina wa 12, wa 13, wa 36 na wa 37. Ukijumlisha nafasi zao, kila kundi linatoa 98.

Jumla ziko sawa, lakini watu hawakukaa sawa. Kundi la 1 lina pengo la nafasi 47 kati ya aliyeongoza na aliyeshika mkia. Kundi la 12 lina pengo la 25. Wape 3/4 + 2/5. Wa 1 ameshaandika 23/20 wakati wa 48 bado anajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, ameandika 5/9. Kwa haraka zake, wa 1 anamsogezea daftari anakili. Noreen Webb, aliyechunguza vikundi vya hisabati kwa miaka mingi, alionyesha kwamba anayeeleza hatua kwa hatua hufaidika, na anayepewa jibu tupu hafaidiki. Alionyesha pia kwamba katika mchanganyiko mpana wale wa katikati husahaulika: wa juu anamfundisha wa chini, wao wanatazama.

Basi tuwatenge kwa uwezo? Wanaotetea njia hiyo wana ushahidi mzito kutoka hapa hapa Afrika Mashariki. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walichapisha mwaka 2011 utafiti wa shule za msingi 121 za magharibi mwa Kenya. Kila shule ilipewa mwalimu wa ziada, darasa la kwanza likagawanywa mikondo miwili. Nusu ya shule ziligawa kwa alama, nusu kwa bahati nasibu. Zilizogawa kwa alama zilifanya vizuri zaidi, na walionufaika ni wa juu na wa chini vilevile.

Ushahidi huo naukubali, ila tuangalie ulihusu nini. Ile ilikuwa mikondo miwili, kila mmoja na mwalimu wake, anayeweza kushuka au kupanda kufuata kiwango cha wanafunzi alionao. Ukiwatenga kwa uwezo ndani ya chumba kimoja chenye mwalimu mmoja na somo moja, kundi la chini linabaki na zoezi lisiloliweza na hakuna wa kuwaeleza. Hata ukiliita Twiga, wenzao watajua kwamba ndilo la vilaza.

Kwa stadi kama kusoma silabi au kutoa kwa kukopa, mimi ningewatenga kwa kiwango, kwa dakika 20 hivi, kila kundi na kazi yake, na kuwapima upya baada ya wiki chache ili aliyeiva ahame. Kwa kazi nyingine ningechanganya kwa pengo dogo. Gawa wale 48 katika robo nne za watu 12. Robo ya kwanza ikae na ya tatu, ya pili ikae na ya nne, wawiliwawili: wa 1, wa 2, wa 25 na wa 26 kundi moja; wa 13, wa 14, wa 37 na wa 38 kundi jingine. Hakuna pengo linalozidi 25. Jumla zitatofautiana sana, kwa hiyo usishindanishe vikundi hivi kwa alama.

Jinsia nayo ipangwe. Msichana mmoja kati ya wavulana watatu mara nyingi huishia kuwa katibu, anaandika wanayosema wengine. Wasichana wakiwa wachache, afadhali wakae wawiliwawili na baadhi ya vikundi vikose kabisa.

Darasa la 80 ndipo wengi wanaposhindwa, wakaunda vikundi vya watu kumi. Kwenye madawati mawili yanayotazamana, kitabu kikiwa kimoja, wanne wanakiona na sita wanapiga soga. Hofu ya vikundi 20 vya watu wannewanne ni ya kweli: dakika mbili kwa kila kimoja zinamaliza kipindi cha dakika 40. Lakini si lazima uvipitie vyote siku moja. Tembelea saba kwa dakika tatu tatu, kesho saba vingine. Kila mwanafunzi awe na namba kundini, 1 hadi 4, na namba ya kujibu ubaoni itajwe baada ya kazi kwisha. Ikitajwa mapema, wengine watatu wanaweka kalamu chini.