Kabla ya ada, hesabu saa zako

Msimu wa usajili ukikaribia, wazazi wenzangu huniletea swali lilelile. Wanajua nimepita njia zote tatu. Mtoto wangu mkubwa alianza katika shule binafsi, akasoma nyumbani miaka miwili, na sasa yuko shule ya umma. Mdogo wake alijifunzia kusoma mezani kwetu, kisha wote wawili wakaingia shule ya umma siku ileile. "Ipi bora?" wananiuliza. Zamani nilikuwa na jibu la haraka. Siku hizi nauliza kwanza: saa 11 jioni mtoto wako anakuwa na nani?

Wengine hudhani nakwepa. Nimefika kwenye swali hilo baada ya kukosea mara mbili, na naliamini kuliko ushauri mwingine wowote ninaoweza kutoa. Mtoto hujifunza pale ambapo mtu mzima ana muda wa kumtazama, akaona alipokwama, akasubiri. Kila njia kati ya hizi tatu hutafuta muda huo mahali tofauti, na kila moja ina namna yake ya kuupoteza.

Shule binafsi tuliichagua kwa woga. Nasema hivyo bila kuficha, maana naona wazazi wengi wakichagua kwa woga uleule na kuuita mpango. Tuliogopa madarasa yaliyojaa, tuliogopa kuonekana wazazi wasiojali, tukaona majengo safi tukatulia. Hoja ya madarasa madogo ina msingi. Katika jimbo la Tennessee, Marekani, kuanzia mwaka 1985, watoto wa madarasa ya mwanzo waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine darasa la watoto 13 hadi 17, wengine 22 hadi 25. Waliosoma katika madarasa madogo walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu, na walionufaika zaidi walikuwa watoto wa familia maskini na watoto weusi. Kwa hiyo nilikuwa na kila sababu ya kuuliza idadi ya watoto darasani. Sikuuliza. Nililipa ada, na wiki ya tatu ndipo nikagundua kwamba darasa la mwanangu lilikuwa na watoto zaidi ya 30.

Ili ada ile ipatikane, mume wangu alichukua zamu za jioni na mimi nikaongeza kazi za Jumamosi. Nikirudi, mtoto amelala. Mwisho wa muhula nilifungua daftari lake la hesabu nikakuta kurasa nyingi zina alama ya vema, hata pale alipokosea kutoa. Aliyesahihisha hakusoma. Nilimkasirikia mwalimu kwa siku nzima, halafu nikakumbuka kwamba daftari lile lilikuwa linalala chini ya paa langu kila usiku, na mimi pia sikuwa nimelisoma.

OECD, shirika la kimataifa linaloendesha mtihani wa PISA, unaolinganisha nchi mbalimbali, kwa vijana wa miaka 15 tangu mwaka 2000, limelitazama jambo hili mara kadhaa. Wanafunzi wa shule binafsi kwa kawaida hupata alama za juu zaidi. Ukizingatia hali ya nyumbani kwao, yaani elimu ya wazazi, kazi zao na uwezo wao, sehemu kubwa ya tofauti hiyo huyeyuka katika nchi nyingi. Niliposoma hivyo mara ya kwanza niliumia, kwa sababu nilielewa nilichokuwa nimefanya: nilikuwa nauza saa za nyumbani, ambazo ndizo zenye nguvu, ili ninunue jengo.

Lakini kuna watoto ambao ningewalipia ada kesho asubuhi. Mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika, kwa mfano, ambaye shule moja ina mwalimu aliyesomea kumfundisha na nyingine haina. Hapo unanunua ujuzi wa mtu unayeweza kumwona na kuzungumza naye. Kama uwezo upo, lipa.

Tulipomtoa shuleni na kumleta nyumbani, nilikuwa na bidii ya mtu aliyegundua siri. Nilisoma kila nilichopata. Nilijifunza kwamba wazo la serikali kulazimisha watoto wote kwenda shule si la kale sana: Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, ilitoa amri yake mwaka 1763, na Massachusetts ikawa jimbo la kwanza la Marekani kupitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1852. Nilisoma kuhusu John Holt, mwalimu wa Marekani aliyekata tamaa na shule na kuanzisha jarida la wazazi wanaosomesha nyumbani mwaka 1977. Kufikia mwaka 1993 kusomesha nyumbani kulikuwa halali katika majimbo yote 50 ya nchi yake. Ujerumani, kwa upande mwingine, hairuhusu karibu kabisa. Mwaka 2013 watoto wanne wa familia moja iliyokataa shule walichukuliwa na serikali kwa takribani wiki tatu, na mwaka 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba haki ya familia ile haikuvunjwa. Ufaransa, ambako zamani mzazi alitoa taarifa tu, tangu mwaka 2022 inamtaka aombe kibali. Mzazi anayeniambia ameamua kumsomesha mtoto nyumbani, namwomba kabla ya vitabu asome sheria ya nchi yake.

Kuhusu sheria hizo nina msimamo. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 26, linawapa wazazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Nalikubali kwa moyo wote. Lakini ibara hiyohiyo inaanza na haki ya kila mtu, mtoto mwenyewe akiwemo, kupata elimu. Naunga mkono ukaguzi wa familia zinazosomesha nyumbani. Mtoto asiyeonwa na mtu mzima yeyote nje ya nyumba yake hana wa kumwambia likimkuta jambo baya, na hasara ya mimi kufunguliwa madaftari mara moja au mbili kwa mwaka ni ndogo mno kulinganisha na hiyo.

Sasa uzuri wake, kwa sababu upo na ni mkubwa. Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika kuhusu majaribio ambamo mwanafunzi mmoja alifundishwa na mwalimu mmoja, hatua kwa hatua, bila kuvuka jambo kabla hajaliweza. Mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa hivyo aliwapita asilimia 98 ya wale wa darasa la kawaida. Watafiti waliofuata wamepata faida ndogo kuliko hiyo, ila bado ni faida inayoonekana. Mimi niliiona mezani kwangu. Tulikuwa tunatengeneza rafu ya vitabu, tunapima mbao, mkubwa akauliza: kwa nini theluthi ni kubwa kuliko robo, wakati nne ni kubwa kuliko tatu? Tulikaa na swali hilo siku nne. Tulikata karatasi, tulipima kamba, alikataa, alikasirika, akaondoka mezani, akarudi. Siku ya nne alimwelezea mdogo wake kwa maneno yake mwenyewe, na tangu hapo sehemu hazijamsumbua tena. Hakuna mwalimu mwenye watoto 40 anayeweza kumpa mtoto mmoja siku nne. Saa mbili au tatu za asubuhi zilitutosha kwa kazi ambayo shuleni ingechukua siku nzima.

Na gharama yake? Niliacha kazi. Katika nyumba nyingi ninazozijua anayeacha kazi ni mama, na hakuna anayeiandika hasara hiyo anapohesabu kwamba kusomesha nyumbani ni bure. Usiku nilikuwa naandaa masomo ya kesho. Nilifundisha vizuri nilichokipenda, na nisichokipenda nilikikwepa bila kujikubalia: jiografia yetu ilikuwa nzuri sana, sayansi ilikuwa ya kusoma kurasa. Mwaka wa pili mkubwa aliniambia wakati wa mapumziko ya mchana, kwa upole kabisa, "Mama, leo naomba usiwe mwalimu." Nilikwenda chumbani nikalia. Alikuwa ananidai mtu ambaye nilikuwa nimemwondoa nyumbani bila kujua.

Watu huuliza kuhusu marafiki. Marafiki alikuwa nao. Alichokosa ni watu ambao hakuwachagua: kukaa dawati moja na mtoto asiyempenda mpaka muhula uishe, kumsikiliza mwalimu ambaye hamwoni kuwa wa ajabu, kushindwa mbele ya wengine na kesho yake kurudi palepale. Sijui njia ya kumpa mtoto hayo mezani kwa mama yake.

Wapo wanaonitumia takwimu kwamba watoto wanaosoma nyumbani huwashinda wenzao. Utafiti unaotajwa sana ni wa Lawrence Rudner, uliotoka Marekani mwaka 1999, wenye wanafunzi zaidi ya 20,000. Alama zao zilikuwa za juu kweli. Lakini familia zile zilijitokeza zenyewe, na kwa sehemu kubwa zilikuwa na elimu na kipato juu ya wastani. Rudner mwenyewe alionya kwamba matokeo yake hayathibitishi kuwa kusomea nyumbani ni bora. Wanaoutaja huacha onyo hilo nyuma, na linaniudhi sana jambo hilo, kwa sababu kuna mzazi atakayeacha kazi kwa kuamini nusu ya ukurasa. Hata mwaka 2020, UNESCO ilipohesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 waliofungiwa shule, wapo waliosema "tumejaribu kusomesha nyumbani, imetushinda". Hamkujaribu. Mlikuwa na hofu ya ugonjwa, kazi zenu, na kazi za shule zilizotumwa kwa simu. Msijihukumu kwa mwaka ule.

Leo wote wawili wako shule ya umma. Darasa ni kubwa na mwalimu anachoka, naona machoni pake. Lakini ada ile haipo tena, nafanya kazi nusu siku, na saa 11 jioni niko mezani. Madaftari nayafungua kila siku, dakika 20, wakati mwingine 10. Kikao cha wazazi sikikosi. Muhula uliopita nilimuuliza mwalimu wa darasa, "Mwalimu, mkubwa wangu anakwama wapi hasa?" Akanijibu bila kutafuta kwenye karatasi yoyote: "Mama, hesabu anaziweza. Swali halisomi mpaka mwisho." Nikasimama nikiwa na jambo moja la kufanyia kazi. Miaka miwili ya ada haikuwahi kunipa sentensi kama hiyo, na sehemu ya sababu ni kwamba sikuwahi kuwa na muda wa kwenda kuiuliza.

Kuna jambo jingine linalonibakiza pale. Finland shule za elimu ya msingi kwa kawaida haziruhusiwi kutoza ada, hata zile chache zinazoendeshwa na watu binafsi, na mzazi wa huko kwa kawaida humpeleka mtoto shule ya jirani na maisha yakaendelea. Woga wangu wa miaka ile ulizaliwa na tofauti kubwa kati ya shule na shule. Wazazi wenye sauti wakiondoka, nani atauliza kwenye kikao kwa nini choo hakina maji? Simwambii mtu amtoe mtoto wake sadaka kwa ajili ya jamii. Kama shule iliyo karibu nawe inamuumiza, mtoe. Ila kama inavumilika na una nusu saa ya jioni, nusu saa yako itamfaa mwanao na mtoto anayekaa naye dawati moja.

Ukienda kuangalia shule, ya aina yoyote, nenda siku ya kawaida, usiende siku ya sherehe. Omba kuona daftari lililosahihishwa na soma kama aliyesahihisha alisoma. Uliza walimu wangapi wameondoka mwaka huu. Simama mlangoni wakati wa kutoka na utazame nyuso. Jina lililoandikwa getini linakuambia nani analipa, basi.

Mdogo, ambaye sasa ana miaka tisa, ameniambia anataka kurudi kusoma nyumbani. Nilimwomba aandike sababu zake. Ameandika tatu. Ya kwanza ni kwamba asubuhi analala zaidi. Ya tatu ni rafiki aliyegombana naye, na hiyo naona itaisha kabla ya mwezi kwisha. Ya pili ameiandika hivi: "Nikimaliza kazi nakaa tu nasubiri wengine." Hiyo ni kweli, mwalimu wake ameniambia vilevile. Tumekubaliana na mwalimu kwamba kuanzia Jumatatu atampa vitabu vya darasa la juu kwa muda huo wa kusubiri. Mwisho wa muhula mimi na baba yake tutakaa naye tena, na karatasi ile iko ndani ya droo.