Gari Limesema "Ka"

Ka. Hilo ndilo neno pekee nililojibiwa na gari langu juzi Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hapa hapa Isyesye, Mbeya. Baridi ya Julai mnaijua wenyewe, siielezi. Nikazungusha ufunguo tena. Ka. Taa za dashibodi zikafifia, saa ikajirudisha saa saba kamili. Kuna dada wa Kijapani, sauti tu, alikuja na hili gari kutoka kwao, kila nikiwasha hunisemesha. Sijawahi kujua anasema nini, ila mwaka wa nne huu tunaishi vizuri. Juzi alianza "Iitii..." akakatika hapo hapo kama mtu aliyeishiwa salio.

Na juzi sikuwa mtu wa kawaida. Nilikuwa mshenga. Suti ya kijivu, tai, kiatu kimekula kiwi, bahasha kifuani, na saa nne nitakiwe Tukuyu mbele ya wazee ambao mshenga akichelewa wanamkata faini kabla hawajamwonyesha kiti.

Nikafungua boneti. Hilo lilikuwa kosa. Boneti ikifunguliwa mtaani kwetu ni kama tarumbeta, mafundi wanatoka hata chooni. Jirani wa kushoto: plagi. Jirani wa kulia: petroli imeganda. Nikamuuliza petroli inaganda wapi, akasema kwa baridi hii lolote linawezekana. Mama muuza maziwa akasema kuna mtu hanipendi, akapita zake.

Vijana wa bodaboda hawakusema ugonjwa, walisema dawa: "Mzee, tulisukume!" Nikawaambia ni otomatiki. Nikawaambia kwa utaratibu, kama mshenga, kwamba hili likisukumwa haliwaki, kati ya injini na gia kuna mafuta tu, na pampu ya hayo mafuta inazungushwa na injini yenyewe, ambayo ndiyo imelala. Wakaitikia "sawa mzee" huku wameshashika matako ya gari. Tukateremka nalo mita mia moja hivi, vumbi lote likaishia kwenye suti. Halikuwaka. Wakadai elfu tano. Sasa nina gari bovu, na haliko hata nyumbani kwangu.

Ndipo akaja fundi. Alikuja na bodaboda, nauli nikalipa mimi. Alikuja mikono mitupu, ananing'iniza funguo za kwake kidoleni. Hakunisalimia, alilisalimia gari. Akainamisha sikio juu ya injini, macho kayafumba.

"Washa."

Ka.

"Zima. Washa."

Ka.

"Oili ulimwaga lini?"

Nikadanganya. Ukiulizwa na fundi mbele za watu unadanganya tu, kama unavyomdanganya daktari wa meno. Akaokota jiwe, akaingiza mkono chini, akagonga kitu mara tatu. Washa. Ka. Akanyanyuka taratibu, akajifuta mikono kwa kitambaa changu cha mfukoni, ambacho sijui alikitoa saa ngapi.

"Selfu, mota ya kuwashia injini, imekufa. Laki na ishirini. Imebaki moja Mwanjelwa, na kuna mtu wa Vwawa anaitaka."

Huyo mtu wa Vwawa! Nimeishi Mbeya miaka kumi na tisa, kila spea ninayotafuta ameshaiulizia yeye. Ana magari mangapi?

"Tunaifungua sasa hivi," fundi akasema. "Mzee, una spana namba 10?"

Ndugu zangu, kinyozi akikuuliza kama umekuja na mkasi, unabaki kwenye kiti? Nilisema maneno ambayo mshenga hasemi. Kisha nikaenda ndani kuleta spana, kwa sababu ningefanyaje.

Niliporudi nikamkuta kijana mmoja fundi simu, anaenda kufungua kibanda chake Kabwe, ameshatoa mita ya kupimia umeme kwenye begi la mgongoni. Hakuna aliyemwita. Akagusisha nyaya kwenye vichwa vya betri: volti 12.5. "Betri nzima hii." Akaniambia niwashe huku amezishikilia pale pale. Ka, mita ikasoma 12.2. Akahamishia kwenye vibanio vinavyobana vile vichwa. Ka, mita ikaporomoka hadi 4.

"Mzee, umeme upo. Haufiki tu."

Tukainama wote. Upande wa hasi, chini ya kibanio, kulikuwa na unga mweupe wenye ukijani umejaa kama ukoko wa sufuria. Kijana akataka maji ya moto. Maji ya moto yaliyokuwepo ni chai ya rangi kwenye chupa niliyofungiwa kwa safari. Ikamwagwa. Bahati daktari alishaninyima sukari. Ule unga ukachemka, ukatiririka, kijana akapiga msasa vichwa vya betri vikang'aa, akakaza kwa spana yangu. Nikazungusha ufunguo, injini ikanguruma, na dada wa Kijapani akamaliza sentensi yake yote. Nusura nilie. Nikampa kijana elfu kumi na ndaga fijo, asante ya Kinyakyusa, juu yake. Fundi naye akadai elfu kumi na tano za ushauri, na watu wakamuunga mkono, eti amepoteza muda.

Plagi hazijaguswa mpaka leo, jirani wa kushoto bado ananiulizia.

Tukuyu nilifika saa sita kasoro. Faini elfu hamsini. Nikaeleza yote, betri, hasi, chai. Wazee wakasikiliza kwa makini, wakanong'onezana, kisha mkubwa wao akakohoa akauliza, "Kwani hamkulisukuma?"

Mahari sitaki hata kuizungumzia. Wakati wa kurudi nikafungiwa mkungu wa ndizi, ukakosa nafasi kwenye buti, ukakaa kiti cha nyuma juu ya koti. Utomvu wa ndizi kwenye kitambaa cha kijivu, wanaojua wanajua. Mke wangu amejaribu ndimu, amejaribu mafuta ya taa. Mwenye suti ameshapiga simu mara tatu, na spana yangu namba 10 iko kwa fundi.