Timu Imehama, Mimi Nimebaki na Jezi

Kuna watu wameachwa na wake zao, wengine wameachwa na basi. Mimi nimeachwa na timu. Yote! Kocha, wachezaji, daktari na chupa zake za maji, wote wamehamia mji mwingine, kisa mwenye timu kaahidiwa uwanja mpya. Sisi tulioimba msimu baada ya msimu mpaka sauti zikakauka, hakuna aliyetuuliza hata, "Jamani, mnaonaje?"

Sasa balaa lenyewe ni kwamba bado naipenda. Wakishinda nakasirika, maana yule bwana atatamba kuwa mnaona, kuhama kumetusaidia. Wakifungwa silali. Wakitoka sare ndiyo kabisa, sijui nikasirike au nikeshe. Ninachoomba ni kidogo tu: wachezaji wafunge mabao, mwenye timu asipate raha. Nimetafuta matokeo ya namna hiyo kwenye msimamo wa ligi, hayapo.

Shemeji yangu kanishauri: "Shem, si uchague timu nyingine? Mbona ziko tele!" Ziko tele! Mtu dada yake yuko nyumbani kwangu, halafu ananifundisha kubadilisha nilichozoea. Nikamwambia amshukuru Mungu kwamba mimi si mtu wa kubadilisha. Akanywea.

Nikizidiwa huwa nawakumbuka wenzangu wa Baltimore, kule Marekani. Timu yao ya Colts, ya mpira wa Kimarekani, iliondoka usiku wa Machi 1984, theluji inadondoka. Wabunge wa jimbo walikuwa mbioni kupitisha sheria ya kuuwezesha mji kuitwaa timu, mwenyewe akawawahi. Malori yakaja, yakapakia kila kitu, kunakucha timu iko njiani kwenda Indianapolis, kama mpangaji anayekwepa kodi ya mwezi! Lakini bendi yao ikabaki. Sare za bendi zilinusurika kwa sababu zilikuwa kwa dobi. Kwa dobi, jamani! Wanabendi wakazichukua wakazificha makaburini, kisha wakaendelea kupiga matarumbeta miaka na miaka, bendi ya timu isiyokuwepo. Mke wangu nilipomsimulia alisema hao ni wagonjwa. Kisha akanitazama mimi na jezi yangu, akanyamaza. Ule unyamavu sikuupenda.

Baltimore walipata timu nyingine mwaka 1996. Ilitoka wapi? Ilihamishwa kutoka Cleveland! Yaani machozi hayakufutwa, yalihamishiwa macho mengine. Angalau watu wa Cleveland walikomaa, jina la Browns na rangi zake vikabaki kwao, na 1999 wakapata timu mpya ya kuvivaa. Sisi hata jina limebebwa. Wametuachia nguzo za goli, nazo zimeota kutu.

Waingereza wengine hasira zao zilikuwa na mpango. Wimbledon iliporuhusiwa kuhamia Milton Keynes mwaka 2002, mashabiki waliunda timu yao wenyewe, wakaita vijana kujaribiwa kwenye uwanja wa wazi, wakaanzia ngazi ya 9 huko chini. Kufika 2011 wamepanda hadi ngazi ya 4. Na mimi nikawapelekea wenzangu wazo hilohilo. Mkutano ulivunjika kwa sababu kila mtu alitaka kuwa mshambuliaji, hasa wenye vitambi. Kipa hakupatikana mpaka leo.

Basi, juzi hao wahamaji wamekuja kucheza hapa, kwenye uwanja uleule, dhidi ya timu ndogo iliyobaki. Nikavaa jezi yangu, ile ya zamani yenye jina la mji wetu kifuani (imebana kidogo, imerudi kwa kufuliwa), nikaenda moja kwa moja kwenye kiti changu. Kijana wa mlangoni akanizuia. "Mzee, kwa jezi hiyo wewe ni shabiki wa wageni. Zunguka upande ule." Mgeni! Mimi! Uwanja ambao hata taa zikizimika nafika chooni bila kupapasa! Nikazunguka. Huko wageni wenyewe wakaitazama jezi yangu, wakaona mji walioukimbia umeandikwa kifuani, wakaanza kunizomea. Nikaondoka zangu, nikasimama katikati penye uzio, pasipo na upande, nikawa nawatukana wote kwa zamu. Tulishinda mabao mawili kwa moja. Nani alishinda, usiniulize.